Bahasha ya Arobaini na Moja

Kamere, Naivasha
14 Januari 2023

Kwa Mastura, binti yangu wa Nakuru,

Bwana asifiwe. Najua kwenu salamu ni nyingine, lakini amani ni ile ile, ipokee. Mimi ni mzima, ukiacha goti. Tangu ulipokuja Keringet kumzika Natalie wangu, na viatu vyako vya mjini, ukakanyaga tope la kaburini bila kulalamika, nimekuwa nikijiambia nitakuandikia. Mwezi wa kwanza nililala tu. Wa pili nikarudi huku Kamere kufunga chumba chake, na humo ndimo nilimopata wavu.

Wavu, lenzi yake ndogo ya kazini, na daftari. Unajua alikuwa skauti kule kwenye maua, kazi ya kupita kati ya mistari ya waridi akihesabu wadudu chini ya majani. Akitoka kazini, badala ya kupumzisha macho, anapanda nyuma ya kanisa letu, kwenye ule uwanja wa changarawe na nyasi kavu, kuangalia wadudu wengine bila kulipwa. Nilimgombeza sana. "Mum, hawa ni nzi wanyang'anyi," ananiambia. "Wanawadaka wenzao hewani, wanawadunga, wanawanyonya." Nikamwambia watu wa aina hiyo nimefanya nao kazi miaka kumi na minane, sihitaji kupanda kilima kuwaona. Alicheka mpaka akakaa chini.

Katika daftari ameandika kwamba wako wa namna mbili. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Wa nguzo hukaa juu ya nguzo za ua. Ndevu nyeupe, mapaja meusi. Hutaga kwenye masuke ya nyasi. Wa chini hukaa kwenye changarawe. Ndevu rangi ya asali, miguu myekundu kidogo. Hutaga mchangani. Hawa si aina moja, hata Dr. Wasike akisema." Mstari wa mwisho ameupigia mistari miwili chini. Nilipousoma nikasikia sauti yake kabisa, ile ya kubishana huku anakula.

Sasa mimi niliishia darasa la nane. Sijui Daktari anasema nini wala kwa nini. Lakini macho ninayo, na baada ya kuachishwa kazi muda ninao. Kama ile kazi haikuisha, nifundishe namna ya kuikamilisha. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, picha haitumi, kwa hivyo nitakuwa nakuandikia hivi na kuweka barua ndani ya parseli. Isitoshe, kuna vitu mkono husema vizuri kuliko mdomo.

Wako kwa upendo,
Mama Natalie


Nakuru
2 Februari 2023

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa chumba cha wadudu hapa chuoni, funguo mkononi, nikasahau kufungua.

Natalie alinitembeza Kamere siku nne mwaka 2021 na kunifundisha mambo ambayo sikuyasoma darasani. Hilo la masuke na mchanga hakuna kitabu kilichoniambia. Dr. Wasike, ambaye ndiye msimamizi wa shahada yangu, aliandika zamani kwamba hao nzi ni aina moja tu, na kwamba rangi ya ndevu hubadilika kama ya watu. Natalie alibishana naye kwa simu. Daktari alikata, akaniambia, "Huyo msichana wa maua ana mdomo."

Nzi hawa wakifanana namna hii, mtu hawezi kuwatenganisha kwa ndevu peke yake. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni hadubini. Dume ana kitu kama koleo mwishoni mwa mkia, na kila aina ina koleo lake, kama ufunguo na kufuli yake. Kwa hiyo nahitaji madume wengi, wa nguzo na wa chini. Njia ya pili ni kuwaona wakipandana. Wa aina tofauti kwa kawaida hawapandani, na jozi moja iliyoshikwa pamoja ina nguvu kuliko maneno mengi.

Nakutumia bahasha ndogo za karatasi, fomu, na chupa ya kufishia nzi. Kila bahasha na fomu yake: namba, mahali, siku, aliyekusanya, na safu ya mwisho, walikuwa wakifanya nini. Hiyo ya mwisho usiisahau, Mama, ndiyo roho ya fomu. Ukikuta wawili wameshikana, waweke bahasha moja, uandike ulichokiona. Chupa ya kufishia tia pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Na nikuambie neno ambalo sijamwambia mtu. Ikithibitika kwamba ni aina mbili, mmoja wao hana jina duniani, na atakayemwandika ndiye humpa jina. Nitamwita kwa jina la Natalie. Kwa Kilatini litakuwa nataliae. Nakuahidi.

Wako,
Mastura


Kamere
11 Machi 2023

Binti yangu,

Katika sanduku hili kuna bahasha hamsini na tatu. Usiniulize nimeungua na jua kiasi gani.

Hiyo dawa ya kucha imenitia aibu. Nilienda kwa duka la Sue, kumbe mbele yangu wako wanawake watatu wa ushirika wetu. "Mama Natalie! Na hizo kucha unampakia nani?" Nikasema ni ya nzi. Wueh! Walicheka hadi Sue akashindwa kunirudishia chenji. Sasa naitwa Mama Kucha. Naitikia.

Lakini kuna lingine halikuchekesha. Chumbani kwangu hakuna meza, kwa hivyo fomu zako nazijaza ofisini kwa kanisa, Jumatano, ushirika ukiisha. Wiki ya pili nilitoka kidogo kunawa mikono. Kurudi nikamkuta Maxwel, katibu wetu, ameshika fomu, anaisoma kwa ile sauti ya kusomea matangazo. "Namba tisa. Mahali, nyuma ya kanisa. Walikuwa wakipandana." Akanitazama juu ya miwani. "Mama, nyuma ya kanisa?"

Wazee wawili walikuwapo. "Ni nzi, katibu," nikasema.

"Najua ni nzi. Lakini mwandiko ni wa nani?"

Mzee mmoja akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mastura, mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili. Mimi ndiye naongoza akina mama kwa maombi. Nilikusanya fomu zangu, nikatoka na uso wa moto. Tangu siku hiyo, kila bahasha niliyotia nzi wawili, ile safu ya mwisho nimeiacha wazi. Ya nzi mmoja mmoja nimejaza: alikaa, aliruka, alikuwa na nyuki mdomoni. Ya wawili hapana. Utanisamehe. Wewe ni msomi, ukiwatazama tu utajua.

Sasa nikupe la furaha. Lile jina nimelifanyia mazoezi kwenye karatasi ya unga mpaka mkono ukazoea, kisha nimeliandika kwenye Biblia yangu, ule ukurasa wa mbele wa kuzaliwa na kufa, chini ya tarehe zake. Nataliae. Pasaka nikipanda Keringet, fundi Owuor atalipaka kwenye msalaba. Mchungaji alitangaza Jumapili na kanisa likapiga makofi, hata Maxwel. Wewe fikiria. Msichana aliondoka na miaka ishirini na mitatu, homa ya mapafu ya siku kumi, hakuacha mtoto, hakuacha bwana, hakuacha hata kitanda chake mwenyewe. Na sasa watu wa nchi ambazo sitazifika watalazimika kulitamka jina lake ili wamtaje huyo nzi. Nimefunga siku tatu kumshukuru Mungu, na kwa maombi nakutaja wewe kwanza kabla ya goti langu.

Nijibu upesi.

Mama Natalie


Nakuru
20 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Najua nimenyamaza miezi mitatu. Kila wiki nilisema nitaandika.

Kwanza, nzi wako ni wasafi kuliko wa wanafunzi wetu wote. Hakuna aliyevunjika mguu. Dr. Wasike mwenyewe alisema.

Sasa lile lingine. Kuna bahasha yako namba 41. Ndani yake kuna jike wa nguzo, ndevu nyeupe, na dume wa chini, ndevu za asali. Wawili, bahasha moja. Dume alikuwa mwepesi ajabu. Nilipomwinua, mwanga ulipita tumboni mwake kama karatasi iliyoloa mafuta, nikadhani jua la huko limemkausha. Safu ya mwisho ilikuwa wazi, kama ulivyonieleza juu ya wale wanaopandana. Daktari alipoiona alisema hapo mjadala umeisha. Kama jike wa nguzo anapandana na dume wa chini, basi hao ni watu wa nyumba moja, na ndevu ni ndevu tu.

Makala imeshapelekwa kwenye jarida na imekubaliwa. Ni sura kubwa ya tasnifu yangu pia. Mwishoni tumekushukuru kwa jina: F. Chepkemoi, kwa msaada wa kukusanya.

Kwa hiyo, Mama, hakuna nzi mpya wa kupewa jina. Natamani ningekuwa na habari nyingine. Natalie aliona vizuri, ila alichokiona kilikuwa tofauti ndogo tu ndani ya aina moja. Hutokea hata kwa wakubwa.

Niombee. Nawe nakuombea.

Mastura


Kamere
29 Juni 2023

Mastura, binti yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu nje ya ofisi ya parseli, nimekalia kreti ya soda. Yule kijana wa parseli akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, nisomee huu mstari kama macho yangu hayanidanganyi. Akanisomea.

Nisikilize vizuri. Hiyo 41 naikumbuka kama naiona. Ilikuwa saa sita, jua la kukausha samaki. Jike wa nguzo alikuwa juu ya nguzo ya tatu kutoka kwa tanki la maji. Dume wa chini akapita. Jike akaruka, akamdaka hewani, akarudi naye pale pale juu ya nguzo, akamtia ule mdomo wake kama sindano nyuma ya shingo. Nilikaa nikiangalia muda mrefu kabla ya kufunika na wavu, na nilipofunika alikuwa bado ananyonya, hakumwachilia. Hawakuwa wakipandana, Mastura. Alikuwa anamla.

Haya, nimeliandika neno, na Maxwel aje asome. Wakipandana nimewaona mara kumi na nne. Wanashikana kwa mkia, kichwa cha huyu huku na cha yule kule, kama bwana na bibi waliokosana. Na mara zote kumi na nne ilikuwa wa nguzo na wa nguzo, wa chini na wa chini. Kuchanganyika sijaona hata siku moja.

Niliacha wazi kila bahasha ya wawili kwa sababu ya aibu, nikachanganya wanaooana na wanaolana. Kosa ni langu. Nilikuwa naogopa miwani ya Maxwel, nikamfuta mtoto wangu. Hilo nitajibu mimi mbele za Mungu, sikupi wewe.

Lakini linarekebishika, si ndiyo? Mtazame yule dume shingoni, upande wa nyuma. Patakuwa na tundu dogo kama la ncha ya sindano. Na huo wepesi uliokushangaza si jua. Nzi wengine wote niliwakausha kwa jua hilo hilo na hukuniambia ni wepesi. Alikuwa amenyonywa akabaki ganda. Mwonyeshe Daktari. Waandikie wenye jarida kwamba mama aliyekusanya ni mjinga, alikosea fomu. Nikubali kuitwa mjinga kwa maandishi, sina shida.

Ila ufanye haraka. Wazee wamepitisha ukumbi wa kanisa ujengwe kwenye ule uwanja. Kama chuo kitaandika barua moja tu, kwamba hapo pana kiumbe ambaye hajulikani pengine, Mchungaji atawahamishia ukumbi upande wa barabara. Nafasi iko. Ameniambia, "Mama, lete karatasi, nitasimama nayo."

Msalaba ulishapakwa jina Pasaka. Sikukuambia ili nikushtue. Nakuambia ili ujue.

Nangoja.

Mama Natalie


Nakuru
4 Septemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani sana kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani na wageni, na simu yangu ilipata shida.

Nimeifikiria barua yako. Kwa bahati mbaya wale wa 41 walikatwa kwa uchunguzi, hawafai kutazamwa tena. Na hata kama tundu lilikuwapo, jike wa nzi hawa anaweza kumla dume baada ya kupandana naye. Inajulikana. Kwa hiyo tundu peke yake halithibitishi kitu. Daktari anasema makala ikishatoka hairudishwi kwa sababu ya kumbukumbu ya mtu.

Kuhusu barua ya kanisa, hiyo ingetakiwa itoke kwa Daktari mwenyewe, na haoni sababu.

Lakini usivunjike moyo. Kamata jozi nyingine, ujaze fomu vizuri, na insha'Allah siku zijazo tutaangalia upya. Nahitimu Desemba. Ningefurahi sana ukija. Nakutumia leso, niliichagua mwenyewe, rangi ya waridi kama yale maua ya huko.

Mtoto wako,
Mastura


Kamere
17 Septemba 2023

Mastura,

Leso imefika. Nimempa Sue.

Jozi nyingine hakuna. Trekta iliingia tarehe saba Agosti. Nilikuwa nimewaomba wazee wangoje, wakangoja wiki tano, wakaniuliza karatasi iko wapi. Siku ya kuweka msingi, mwenyekiti wa akina mama ndiye huomba, na mwenyekiti ni mimi. Nikasimama mbele ya watu nikasema, Bwana bariki ardhi hii. Chini ya gambuti zangu yalikuwa mayai ya wale wa chini, mchangani, na simiti ilikuwa tayari imechanganywa. Nikasema Amina pamoja na wengine.

Nimekupigia mara nne. Mara ya nne ulipokea, nikasikia watu na vikombe, ukakata.

Nina swali moja. Kuhitimu kwako hakunihusu, tundu halithibitishi, hayo yote nimesikia. Nataka hili tu. Siku ile ya kwanza, ulipomwinua yule dume ukaona mwanga, uliliona tundu au hukuliona? Ndiyo au hapana inatosha.

Felista


Nakuru
21 Januari 2024

Mama,

Ndiyo.

Nimeianza barua hii mara nyingi tangu Septemba, na kila mara naanza na kujitetea. Leo nimeanza na jibu.

Niliona tundu siku ile ile. Na kabla ya hapo, katika bahasha zako ishirini za kwanza, niliona makoleo ya madume. Ya wa nguzo yamenyooka. Ya wa chini yamepinda kama kulabu. Hata mtoto angeyatenganisha. Nilimwita Dr. Wasike. Alitazama kwenye hadubini muda mrefu sana, kisha akavua miwani akaipangusa. "Mastura," akasema, "miaka kumi na mmoja nimeandika ni aina moja. Unataka kuhitimu, ama unataka kumsaidia marehemu kubishana?" Hakupaza sauti. Aliniuliza kama mtu anayeuliza chai au kahawa.

Siku tatu baadaye nikafungua 41. Niliona tundu, nikaona wepesi, nikajua. Halafu nikaona safu iko wazi. Na nikafurahi, Mama. Hilo ndilo nimeshindwa kukuandikia miezi yote hii. Sikulazimishwa kufurahi. Nilifurahi kwamba aibu yako imenipa njia. Nikaandika kwenye barua kwamba alikuwa mwepesi, sijui kwa nini niliandika, labda nilitaka unikamate. Ulinikamata, nami nikakukimbia.

Wale wa 41 hawakukatwa. Nilikudanganya. Wako kwenye droo ya tisa, nimewachoma pini mwenyewe.

Sikutaka kukuambia habari za nyumbani ili usifikiri nazitumia, lakini utauliza. Baba hafanyi kazi tena tangu apate kiharusi, na Hanif, mdogo wangu, yuko kidato cha tatu. Sasa nimeajiriwa hapa, kazi ya kudumu, chumba hiki hiki cha wadudu. Daktari atastaafu mwaka 2027. Akishaondoka nitaandika upya kila kitu, na jina la Natalie nitalitoa kama nilivyoahidi. Ni miaka mitatu tu. Vielelezo haviozi.

Nakuomba usinitupe. Mamangu alifariki nikiwa darasa la sita, na barua zako nilikuwa nazisoma kama zake.

Mtoto wako,
Mastura


Kamere
10 Februari 2024

Mastura,

Nimekusamehe. Nimeamriwa kusamehe, nikatii, na nimetii nikilia. Kukuita mtoto wangu sikuamriwa mahali popote. Nimetafuta kwenye Biblia yote, sijaona. Kwa hivyo hilo neno usiliandike tena chini ya barua, na hizi zangu kama ulikuwa unazisoma kama za mamako, zirudishe au zichome. Mimi ni mama ya mtu mmoja.

Unasema miaka mitatu tu. Natalie hakungoja mtu astaafu ndipo aone. Alisema akiwa na lenzi ya kazini na njaa ya kutoka kazini, na wakubwa wake walikuwa wanaweza kumfukuza yeye pia. Na 2027 utamwandika nzi gani? Wa chini hayuko. Nimeutembea huo upande wote mpaka kule kwa mabomba ya mvuke, nimepiga magoti kwenye changarawe na hili goti langu, sijaona hata mmoja tangu Agosti. Utampa mtoto wangu jina la waliokufa walioko kwenye droo ya tisa. Amekufa mara moja, ilitosha.

Maxwel ananiuliza kila Jumapili. "Mama, yule nzi wetu amefika wapi?" Ananiuliza kwa upole siku hizi, hata ameomba msamaha kwa ile siku ya fomu. Namjibu bado yuko kwa hadubini. Nimeanza kusema uongo kanisani. Huo nao ni wako, uuchukue.

Ule msalaba wa Keringet bado una lile jina. Owuor aliniuliza kama apake rangi juu yake. Nimemwambia aliache. Watu wanaopita wanadhani ndilo jina lake la ubatizo.

Babako namwombea. Hanif namwombea. Wewe nakutaja pia, lakini mwisho, baada ya goti.

Fomu zako ambazo hazikutumika nimezirudisha zote ndani ya sanduku hili, pamoja na chupa. Lenzi ni ya Natalie, inabaki. Nimeongeza bahasha moja. Hao nimewapata juzi kwenye ukuta wa ukumbi mpya. Wote wawili ni wa nguzo, ndevu nyeupe, mapaja meusi. Ni aina moja kabisa, Daktari anaweza kuandika bila hofu. Fomu nimeijaza juu ya meza ya kanisa, Maxwel akiwa amekaa mbele yangu, na sikuacha safu wazi.

Felista Chepkemoi


Namba: 54
Mahali: Kamere, ukuta wa ukumbi, nyuma ya kanisa
Siku: 8 Februari 2024
Aliyekusanya: Mama yake Natalie Jelagat
Walikuwa wakifanya nini: Mmoja alikuwa anamla mwenzake. Yule anayeliwa alikuwa bado anachezesha miguu.